Nakunywa maji mengi shambani, jioni yote yanatoka na vigimbi bado vinakaza. Ni figo?

Jakano_Muhoroni

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada, hasa kwa mnaoujua mwili wa binadamu.

Nakata miwa huku Muhoroni. Tunaingia shambani kabla ya jua kuchomoza na kutoka saa nane au saa tisa mchana, inategemea mistari uliyopewa. Shamba likishachomwa ndipo tunaingia, kwa hiyo joto linakupata kutoka juu na kutoka chini kwenye majivu. Asubuhi nakunywa strungi na mandazi mawili. Nabeba dumu la lita tano na mara nyingi linaisha.

Kinachonisumbua ni hiki. Mchana kutwa nakunywa maji lakini sikojoi. Nikienda ni kidogo tu, rangi ya strungi hiyo hiyo, na unachoma. Jioni nikifika nyumbani nakunywa jagi baada ya jagi, nadhani lita tatu zinafika. Haipiti saa nzima naanza kwenda nje, mkojo mweupe pe, kama maji niliyoyanywa yamepita tu. Kiu inarudi. Usiku vigimbi vinakaza hadi nasimama kitandani, siku nyingine hata misuli ya tumbo. Kichwa kinagonga na chakula hakina ladha.

Nina miaka 31, sina sukari wala presha, angalau sijawahi kuambiwa. Ila kuna mzee tuliyekuwa tukikata naye ambaye sasa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, ndiyo maana nina wasiwasi. Je, figo zangu zimeacha kushika maji? Niongeze maji au nipunguze?

Boda_Kondele

Omera, pole. Lita tano kwa jua hilo ni kidogo, ongeza ziwe nane. Maji ndiyo dawa ya figo. Na chumvi achana nayo kabisa, chumvi ndiyo inaua figo.

Sista_wa_Kano

Jakano, pole na kazi. Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imekuwa katika chumba cha kusafisha damu. Nimezaliwa Ahero, kwa hiyo jua unalolisema nalijua vizuri. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu umeeleza dalili zako kwa mpangilio ambao wengi hawauwezi, na jibu limo humo humo katika maelezo yako. Ndugu yangu wa Kondele, najua umeshauri kwa nia njema, lakini maji matupu lita nane kwa mtu wa hali hii yanaweza kumwangusha. Nitaeleza sababu.

Nianze na hofu yako. Figo inayotoa mkojo mweupe muda mfupi baada ya kunywa jagi kadhaa inafanya kazi. Imepewa amri, nayo imetii. Tuangalie amri hiyo inatoka wapi.

Karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo kila dakika hupelekwa kwenye figo. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo vidogo vipatavyo milioni moja, vinaitwa nefroni. Kwa siku moja vinachuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu, ilhali mkojo unaoutoa ni lita moja na nusu hivi. Mwone yule mama wa soko la Kibuye anayemwaga gunia zima la omena kwenye turubai, kisha anarudisha guniani zile anazozitaka na kufagia zilizobaki. Ndivyo figo inavyofanya. Haitafuti uchafu mmoja mmoja ndani ya damu. Inamwaga karibu kila kitu chepesi, kisha inarudisha sukari yote, chumvi karibu yote na maji karibu yote. Kinachokosa kurudishwa ndicho kinachoteremka hadi kibofuni.

Kazi kubwa basi iko katika kurudisha, na hapo ndipo wewe na mimi tunahitaji kuelewana. Watu wengi wanadhani mwili unalinda wingi wa maji tu. Unaulinda, ndiyo, lakini kinacholindwa kwa ukali zaidi, kila dakika, ni uwiano wa chumvi na maji. Sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopimwa katika damu, hukaa kati ya 135 na 145, hivyo ndivyo maabara inavyoandika. Chini ya ubongo kuna seli zinazopima uwiano huo, na badiliko la asilimia moja au mbili tu zinalihisi. Damu ikikolea chumvi, ubongo unafanya mambo mawili kwa pamoja: unakupa kiu, na unamwaga kwenye damu homoni inayoitwa vasopresini. Homoni hiyo ikifika kwenye mirija ya mwisho ya figo, milango midogo ya maji inafunguka na maji yanarudi mwilini. Milango hiyo ndiyo iliyompa Mmarekani Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Damu ikiwa nyepesi, vasopresini inakatwa, milango inafungwa, na maji yanaenda zake chooni.

Sasa rudi shambani. Mchana unatokwa na jasho, na kwa kazi ya panga juani lita moja kwa saa si ajabu. Jasho lina chumvi pungufu kuliko damu, kwa hiyo kinachobaki katika damu kinakolea. Vasopresini inapanda, figo inabana kila tone, na mkojo unakuwa kidogo na mweusi. Dumu lako la lita tano halilingani na kilichotoka. Mchana upungufu wako ni wa vyote viwili, maji na chumvi.

Jioni unarudisha maji peke yake, tena kwa haraka. Hapo ndipo penye siri yote. Kila lita ya jasho imeondoka na gramu 2 au 3 za chumvi, kwa wengine zaidi, na wewe tangu asubuhi umekula strungi na mandazi. Lita tatu za maji matupu zinaingia katika mwili uliopungukiwa chumvi, na damu inakuwa nyepesi kabla hata upungufu wa maji haujaisha. Ubongo unaona uwiano umeharibika, unakata vasopresini, na figo inayatupa maji ambayo mwili bado unayahitaji. Unabaki mkavu, na kiu inarudi. Figo zako zinayashika maji vizuri. Kilichokosekana ni chumvi ya kuyashikilia.

Mtu ataniuliza, je, figo haina njia ya kuokoa chumvi? Inayo. Damu ikipungua, figo yenyewe inahisi na kutoa renini, ambayo mwisho wake ni kuziamsha tezi zilizokaa juu ya figo zitoe homoni nyingine, aldosteroni. Hiyo inarudisha chumvi mpaka mkojo unakaribia kukosa chumvi kabisa, na baada ya wiki moja au mbili za kazi ya joto hata jasho lenyewe linakuwa na chumvi pungufu. Kwa hiyo mkata miwa mzoefu hupoteza chumvi kidogo kuliko mgeni wa wiki ya kwanza. Lakini figo inaweza tu kuizuia chumvi isitoke. Kuitengeneza haiwezi. Lazima iingie kwa mdomo.

Vigimbi kukaza kuna sababu zaidi ya moja, na uchovu wa msuli ni mojawapo, sitakudanganya. Ila mkazo wa namna yako, miguu hadi tumbo, baada ya jasho jingi na maji matupu, umejulikana kwa wachimba makaa na wachochea moto wa meli tangu zamani. Huko Uingereza miaka ya 1930 daktari Robert McCance alijitolea yeye na wenzake kula chakula kisicho na chumvi huku wakitolewa jasho. Walikazwa misuli, wakachoka kupita kiasi, na chakula kikapoteza ladha. Wewe umeyaandika hayo hayo bila kuambiwa na mtu.

Kabla sijasema ufanye nini, niambie: unatumia dawa gani kwa maumivu? Usinifiche.

Mkimbiaji_Kapsabet

Naunga mkono sista, kwa upande wa mbio. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa tunywe tu bila kusubiri kiu. Siku hizi makocha wanaoelewa hawasemi hivyo. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 walipomaliza, na asilimia 13 sodiamu ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Watatu walikuwa 120 au chini, hapo mtu anaweza kuzimia au kufa. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza, yaani walikunywa kuliko jasho lao. Wengi wao walikuwa watu wa mwendo wa taratibu, wenye muda wa kusimama kila meza ya maji. Mimi najipima kwenye mizani kabla na baada ya mbio ndefu. Nikipungua kilo moja najua ni karibu lita moja ya jasho.

Jakano_Muhoroni

Sista, nashukuru sana, nimesoma mara mbili. Kuhusu dawa, ni zile diklofenaki. Karibu kila mkataji anazo mfukoni. Mgongo ukikamata asubuhi unameza moja, saa sita nyingine, uendelee. Duka la pale stendi wanauza moja moja bila kuuliza chochote. Sikudhani inahusiana na mkojo.

Na kuhusu kunywa kidogo kidogo, tanki la maji linawekwa mwisho wa shamba. Ukilifuata unapoteza mstari, na tunalipwa kwa tani.

Sista_wa_Kano

Hilo la diklofenaki ndilo nililoliogopa. Zile za leo na kesho usizimeze.

Damu inaingia kwenye kila kichujio kwa mshipa mwembamba. Mwili ukikauka, mishipa kila mahali inabanwa ili damu ifike kwenye moyo na ubongo. Figo inajiokoa kwa kutengeneza kemikali zake zinazouweka ule mshipa wa kuingilia ukiwa wazi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia kemikali hizo hizo, kwa maana ndizo pia zinazoleta maumivu mgongoni. Mtu aliyeshiba maji na mwenye figo nzima anaweza asione lolote kwa vidonge vya siku mbili tatu. Mtu anayekata miwa juani akiwa mkavu, na kumeza viwili kila siku ya kazi, anaifungia figo yake damu wakati inapoihitaji zaidi. Dawa hizo pia huipa nguvu vasopresini, kwa hiyo siku utakapokunywa maji mengi kupita kiasi yatakwama mwilini badala ya kutoka. Maumivu yenyewe, kichefuchefu na uchovu mkubwa navyo hufanya ubongo uendelee kuitoa. Bahati yako jioni unakojoa. Asiyekojoa akaendelea kunywa ndiye anayevimba ubongo: kichwa kinauma, anatapika, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, anashikwa na degedege. Akipewa maji zaidi kwa kudhaniwa ni jua tu, anauawa na wanaomsaidia.

Kwa mgongo, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na siku ya mapumziko mgongo uangaliwe na mtu anayejua.

Sasa chakula na kinywaji. Usitoke nyumbani na strungi peke yake. Kula kitu chenye chumvi: nyoyo (mahindi na maharagwe) zilizotiwa chumvi, au kiporo cha ugali na omena za jana, au uji wa wimbi wenye chumvi kidogo pamoja na sukari. Katika yale maji ya kubeba, lita moja iwe ORS, yaani ile pakiti ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha, uinywe katikati ya kazi. Soma pakiti kabla hujachanganya, maana kuna za nusu lita na kuna za lita. Pakiti ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, na kiasi kidogo cha potasiamu na sitrati. Sukari ile haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Kwenye utumbo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi hupita pamoja, na maji yanazifuata. Ujuzi huo ndio uliookoa maelfu ya wakimbizi mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, pale Dilip Mahalanabis alipoishiwa na dripu katika kambi ya Bangaon nchini India na kuanza kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu chumvi na sukari kwenye vikombe. Ukikosa pakiti, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Usikadirie kwa mkono. Chumvi ikizidi inadhuru vilevile.

Yaliyobaki yawe maji ya kawaida, kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, na hata kiu ikikubana usipite lita moja na robo kwa saa. Jioni kula kwanza, mchuzi wenye chumvi, halafu kunywa taratibu. Utaona usiku huo huo safari za nje zinapungua.

Hilo la tanki mwisho wa shamba linanikera sana. Huko Nicaragua na El Salvador, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, madaktari wameona vijana wakata miwa, wasio na sukari wala presha, wakifa kwa figo. Wanasayansi bado wanabishana juu ya chanzo chote, lakini joto, kazi nzito na kukauka kila siku vimo katika kila maelezo ninayoyajua. Baadhi ya mashamba huko yaliamua kupeleka maji, kivuli na mapumziko hadi walipo wakataji. Ongeeni na nyapara mkiwa kundi, si wewe peke yako. Tanki likisogezwa katikati, hakuna anayepoteza mstari.

Na mambo ya kwenda hospitali bila kusubiri: mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola huku misuli inauma na kuvimba, kwa sababu msuli uliovunjika unaziba figo; kutokojoa kabisa tangu asubuhi hadi usiku; uso au miguu kuvimba; kuchanganyikiwa. Ukiwa na homa, au kuchoma kukiendelea hata siku ambazo hujaenda shamba, mkojo upimwe wadudu.

Hata kama hayo yote hayapo, nenda wiki hii ukapime damu. Mwambie daktari unataka UEC, hiyo inaonyesha urea, sodiamu, potasiamu na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo), pamoja na kipimo cha mkojo cha kuangalia protini na damu. Figo inaharibika bila kuuma. Wengi niliowapokea walihisi wazima mpaka mwezi wa mwisho.

Mwalimu_Ugunja

Nafundisha biolojia. Kidato cha pili wanapofika kwenye figo wanaona ni michoro ya kukariri tu, kwa hiyo siku hiyo huwa naanza na samaki wa ziwa letu. Niruhusuni niongeze hapa, kwa sababu Jakano ameuliza maji yanapita vipi.

Ngege anaishi ndani ya maji yasiyo na chumvi, huku damu yake ina chumvi. Maji yanamwingia kupitia matamvua saa zote, bila yeye kunywa. Asipoyatoa atapasuka. Kwa hiyo anakojoa sana, mkojo mwepesi, na chumvi inayopotea anaiokota kutoka majini kwa matamvua. Samaki wa baharini, kule Mombasa, yuko kinyume: bahari inamnyonya maji, basi anakunywa maji ya bahari, anatupa chumvi kwa matamvua, na anakojoa kidogo sana. Jakano, mchana wewe ni samaki wa bahari na jioni unataka kuwa ngege.

Ila wa ajabu kuliko wote ni kamongo. Kinamasi kikikauka anajichimbia kwenye tope, anajifunika ute unaokauka ukawa kama ganda, na anapumua kwa mapafu mpaka mvua zirudi. Katika muda wote huo hakojoi. Akiwa majini hutoa amonia kupitia matamvua, lakini amonia ni sumu na kwenye tope hakuna pa kuitupa, kwa hiyo anaigeuza kuwa urea na kuihifadhi mwilini kwa kiwango ambacho kingemlaza mtu hospitali. Mvua ikinyesha anaitoa. Homer Smith, Mmarekani aliyekuja kuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa figo wa karne ya 20, alimchunguza kamongo huyu wa kwetu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1930. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo wanakaa wima. Wanajua kamongo anauzwa wapi na kwa bei gani, lakini hawakujua kwamba figo yake iliwahi kuwa somo la dunia.

Sisi hatuna uwezo huo. Urea ya mtu inahitaji maji ya kuibeba kila siku, takriban nusu lita ya mkojo kwa uchache, hata akikauka vipi.

Mama_Shinyalu

Asante kwa somo. Sista, nina swali kando. Mama mkwe wangu ana presha, na kliniki walimwambia figo zimeanza kuchoka. Amesoma haya kwa simu yangu sasa anataka ORS kila siku. Pia ameacha chumvi ya dukani, anapika mboga kwa munyu musherekha kama zamani, anasema hiyo ni salama kwa vile ni ya majivu. Je, ni sawa?

Sista_wa_Kano

Mama, hapana kwa yote mawili, na tafadhali mweleze kwa upole kwa sababu nia yake ni njema.

Niliyomwandikia Jakano ni ya kijana anayepoteza jasho kwa lita. Mama mkwe wako anakaa nyumbani, chumvi anayokula haitoki kwa jasho, inabaki na kuvuta maji, na presha inapanda. Kwake kipimo ni kile cha Shirika la Afya Duniani, chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kidogo kimoja kilichosawazishwa, ikihesabiwa ile iliyo ndani ya mkate na mchuzi wa pakiti pia. Daktari wake anaweza kumpunguzia zaidi. ORS ni ya siku akiharisha, na hata hapo aulize kwanza.

Musherekha ndiyo inayonitia hofu zaidi. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Figo nzima inaitoa bila shida. Figo iliyochoka inaiacha ijikusanye kwenye damu, na potasiamu ikivuka kiwango chake cha 3.5 hadi 5 kwa kiasi kikubwa, moyo unaweza kusimama ghafla bila onyo. Ndiyo maana wagonjwa wetu huambiwa wapime ndizi, parachichi na viazi. Magadi nayo yana sodiamu, si mbadala kwa mwenye presha. Kwa ladha atumie kitunguu, dania, ndimu na tangawizi. Mwambie kliniki ijayo aseme wazi kwamba alikuwa akitumia musherekha, ili wapime potasiamu yake. Akisikia moyo unadunda vibaya au mwili kulegea kabla ya siku hiyo, msingoje.

Jakano_Muhoroni

Nimerudi na majibu. Nilipima jana asubuhi baada ya siku ya kazi. Kreatinini 98, potasiamu 3.9, sodiamu 133. Mkojo hauna damu, protini wameandika “trace”. Daktari amesema figo bado ziko vizuri na amenikataza diklofenaki kama ulivyosema.

Nimeanza nyoyo asubuhi na ORS saa nne. Kukaza kumepungua, mguu mmoja tu umenisumbua juzi. Mkojo wa mchana sasa ni wa njano. Nyapara amekubali tanki lisogee, ila anasema tulibebe wenyewe. Tumekubaliana kupokezana.

Hiyo 133 niiogope?

Sista_wa_Kano

Usiiogope, iheshimu. Iko chini kidogo ya 135, na inalingana na yote uliyoeleza: chumvi ilitoka, maji yakarudi peke yake. Kwa chakula ulichoanza inapaswa kupanda. Kreatinini 98 kwa kijana mwenye misuli kama yako iko ndani ya kiwango. Ile protini kidogo inaweza kuwa ya kazi nzito ya jana yake, kwa hiyo mkojo urudiwe asubuhi ya Jumatatu kama Jumapili hukwenda shamba.

Damu rudia baada ya miezi mitatu. Hatumwiti mtu mgonjwa wa figo wa kudumu kwa kipimo kimoja, lazima tuone hali ikiendelea miezi mitatu au zaidi, na vivyo hivyo hatumwiti mzima kwa kipimo kimoja. Pima tena baada ya siku ya kazi, saa ile ile, ili namba zilinganishwe. Hii karatasi ya kwanza itunze na uibebe siku hiyo. Na wale mnaopokezana kubeba tanki, waambie nao wakapime. Wale wa diklofenaki mfukoni watangulie.